Nguva na Sheria Zisizoshuka Majini

Tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa madola yaliyokuwa yamejigawia Afrika walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyamapori, ndege na samaki wa bara hili. Katika majedwali yake kulikuwa na orodha ya wanyama ambao wangeuawa kwa idadi ndogo tu, na humo, pamoja na tembo, kifaru na kiboko, alitajwa nguva. Hakuna mvuvi wa Lamu, Mafia au Inhambane aliyeulizwa lolote. Mkataba wenyewe haukuanza kutumika, kwa kuwa baadhi ya waliotia saini hawakuuridhia. Hata hivyo jina la nguva lilikuwa limekwisha kuingia kwenye vitabu vya sheria, na tangu siku ile halijatoka.

Kwa hiyo historia ya kutoweka kwake si ya mnyama aliyesahauliwa na watunga sheria. Ametajwa London, akatajwa Algiers, Washington, Nairobi na Abu Dhabi. Amelindwa na Kenya, Tanzania, Msumbiji, Japani na China. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba karibu sheria zote hizo zilimlenga mwindaji mwenye chusa, wakati muuaji alikuwa amekwisha kubadilika. Nguva wa leo hauawi na mtu anayemtafuta. Anakufa ndani ya wavu uliotegwa kwa ajili ya mwingine.

Tumwangalie kwanza mnyama mwenyewe. Nguva si samaki. Anapumua kwa mapafu, anazaa, ananyonyesha, na chuchu zake ziko kwapani, chini ya vikono vyake viwili vya mbele. Jamaa zake wa karibu kwenye nchi kavu ni tembo na pimbi. Anafika urefu wa mita tatu na uzito wa kilo 400 na zaidi, na mwili wote huo unajengwa kwa nyasi za baharini, zile zinazoota kwenye mchanga na matope ya maji mafupi. Kwa siku anaweza kula kilo 30 hadi 40. Hali majani tu: anafukua na mizizi, na nyuma yake hubaki mfereji mweupe katikati ya kijani, ambao rubani wa ndege ndogo huweza kuuona wakati maji yamekupwa. Anaweza kuishi miaka 70. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Hilo la mwisho tuliweke akilini, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Binadamu na nguva wamejuana siku nyingi. Kwenye kisiwa kidogo cha Akab, Umm al-Quwain, katika Umoja wa Falme za Kiarabu wa leo, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua rundo la mifupa ya nguva wapatao 40, mafuvu yamepangwa kwa makusudi, shanga zimewekwa katikati. Umri wake ni zaidi ya miaka 5,000. Watu wale walimla nguva, bila shaka, lakini mpangilio ule unaonyesha kwamba walimheshimu pia.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi ushahidi ulioandikwa ni wa karibu zaidi na unauma zaidi. Mfaransa mmoja mkimbizi wa dini, François Leguat, aliishi na wenzake kisiwani Rodrigues kati ya 1691 na 1693. Alieleza kuwa nguva walijilisha pale kwa makundi ya mia tatu hadi mia nne, tena wapole kiasi kwamba watu wachache tu waliweza kumchagua mmoja wao na kumvuta pwani. Leo Rodrigues haina nguva hata mmoja, wala Mauritius haina. Walimalizwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwatungia kanuni.

Mfano mwingine ulitokea mbali, kwenye bahari ya baridi kati ya Urusi na Alaska. Mwaka 1741 meli ya baharia Vitus Bering ilivunjika kisiwani, na mtaalamu wake wa viumbe, Georg Wilhelm Steller, akaandika habari za jamaa mkubwa wa nguva, mwenye urefu wa mita nane, aliyekula magugu ya baharini na hakujua kukimbia. Wawindaji wa ngozi waliomfuata Bering walimfanya kitoweo cha safari. Kufikia 1768, miaka 27 baada ya Steller kumwona, mnyama yule alikuwa amekwisha duniani. Kila anayesema kwamba nguva wetu bado wapo wapo afikirie miaka hiyo 27.

Australia nayo ilikuwa na biashara kamili. Kuanzia miaka ya 1840, kwenye ghuba ya Moreton iliyo mlangoni mwa Brisbane, nguva walivuliwa kwa nyavu na kuchemshwa mafuta. Katika miaka ya 1850 daktari mmoja, William Hobbs, aliyapigia debe mafuta hayo kuwa dawa ya kifua badala ya mafuta ya ini la chewa, na soko likapanuka. Jimbo la Queensland lilikomesha biashara hiyo mwaka 1969. Wenyeji wa asili wa Australia na wa visiwa vya Mlango wa Torres walibaki na haki ya kuwinda kwa matumizi yao. Kinachonivutia ni kwamba mlango huo huo wa bahari, ambako uwindaji wa jadi unaendelea hadi leo, ndiko waliko nguva wengi kuliko popote duniani. Chusa la mwenyeji halikuwamaliza.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na viwanda vya mafuta. Nguva alipopatikana alikuwa riziki kubwa: nyama ya kugawana kijiji kizima, mafuta ya kupikia na ya kujichua, ngozi nene na meno ya kutengenezea vitu. Wabajuni wa Lamu na Kiunga walimjua vizuri, na Wangazija wanamwita kwa jina hili hili tunalomwita sisi. Nyavu za zamani zilisukwa kwa nyuzi za pamba au za makumbi, na mnyama wa kilo mia nne akizikumba aliweza kuzichana. Nailoni ilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, mambo yakageuka. Uzi mwembamba, usiooza, usiokatika, ukawa wa bei ambayo mvuvi wa ngalawa aliimudu. Papa mkavu alikuwa na soko, mapezi yake yakapata soko kubwa zaidi Asia, na jarife, wavu wa papa wa nailoni, likasambaa kutoka Somalia hadi Msumbiji.

Wakati huo huo, sheria zilikuwa zikiongezeka. Mkataba wa Afrika wa kuhifadhi maliasili, uliotiwa saini Algiers mwaka 1968, ulimweka nguva katika kundi la juu kabisa, la wanyama wasioruhusiwa kuwindwa ila kwa kibali cha mamlaka ya juu ya nchi. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ulizuia biashara yake ya kimataifa. Kenya iliingia mwaka 1978 na Tanzania mwaka 1979. Kenya ilitunga sheria ya wanyamapori mwaka 1976 na kupiga marufuku uwindaji wote mwaka uliofuata. Hifadhi ya Bazaruto ilianzishwa Msumbiji mwaka 1971, ya Kiunga mwaka 1979, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ikitumia sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla. Nchi za kanda hii zikakubaliana Nairobi mwaka 1985 kulinda mazingira ya bahari. Tanzania ikapata Sheria ya Uvuvi ya 2003, na kanuni zake za 2009 zinakataza kuvua nguva. Mwaka 2007 ukafuata mkataba wa maelewano wa Abu Dhabi, unaomhusu nguva peke yake.

Orodha hii inaridhisha ukiisoma ofisini. Tushuke nayo majini.

Jarife ni wavu wa macho mapana, wa papa, taa na samaki wengine wakubwa. Mvuvi wa Mohoro au Somanga, upande wa kusini wa delta ya Rufiji, hulitega jioni, mawe chini, maboya juu, akaliacha na maji yake usiku kucha. Bamvua likijaa, maji hupanda juu ya mafungu yenye nyasi, na nguva naye hupanda kula, hasa usiku wakati injini zimenyamaza. Macho yake ni madogo. Hutegemea zaidi masikio na nywele ngumu za mdomoni. Akiugusa wavu kwa kikono au mkia hujizungusha ajinasue, na kila akijizungusha nailoni humkaza. Kwa kawaida huzama dakika chache tu kabla ya kupanda kuvuta pumzi. Hana muda wa kusubiri alfajiri. Mvuvi anapofika kuvuta wavu hukuta papa wawili, taa, na mzoga wa nguva jike. Na mara nyingine mtoto wake anaelea karibu.

Sasa sheria inamwambia nini mtu huyu? Inamwambia kwamba chomboni mwake amebeba mnyama aliyekatazwa, na kuwa naye ni kosa. Akienda kutoa taarifa, ataulizwa maswali ambayo hana mtu wa kumtetea nayo. Akinyamaza, ana kilo mia tatu za nyama ambazo zitakuwa zimegawanywa kabla ya jua kupanda, na mifupa itazikwa au itarudishwa kilindini. Wengi wananyamaza, nami sioni haki ya kuwalaumu. Matokeo yake ni kwamba sheria iliyotungwa kumlinda nguva imefuta kumbukumbu za vifo vyake. Afisa wa uvuvi hana takwimu, mtafiti hana mzoga wa kupima, na serikali inaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba hakuna aliyeuawa.

Nguva hawezi kustahimili vifo vya namna hiyo hata vikiwa vichache. Watafiti wa Australia, wakiongozwa kwa miaka mingi na Helen Marsh wa Chuo Kikuu cha James Cook, walionyesha kwamba hata katika mazingira mazuri kabisa, bila wavu na bila njaa, kundi la nguva haliwezi kukua kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Majike wakubwa wanaokufa kwa mkono wa binadamu wakizidi asilimia moja au mbili kwa mwaka, kundi huanza kupungua. Tuchukue kundi lenye majike 100. Asilimia mbili ni majike wawili, yaani majarife mawili kwa mwaka mzima, katika bahari yenye mamia ya nyavu. Mvuvi anayenasa nguva mmoja katika maisha yake yote anajiona hana mchango wowote katika kuisha kwao, na kwa hesabu yake yuko sahihi. Ila wavuvi ni wengi.

Ndiyo maana yaliyotokea China hayanishangazi, ingawa yananihuzunisha. Huko nguva aliwekwa daraja la kwanza la wanyama wanaolindwa na taifa mwaka 1988, sawa na panda, na akapewa hifadhi yake kwenye ghuba ya Beibu. Mwaka 2022 watafiti waliowahoji wavuvi wa pwani yote ya kusini walitangaza kwamba kwa hali halisi ametoweka China. Karibu hakuna aliyekumbuka kumwona katika miaka ya karibuni. Amelindwa kwa daraja la juu kabisa mpaka amekwisha.

Japani suala lilifika mpaka mahakamani. Huko nguva wa Okinawa ni kumbukumbu ya asili ya taifa kisheria tangu 1972. Jeshi la Marekani lilipopangiwa uwanja mpya wa ndege juu ya nyasi za baharini za Henoko, wananchi na wanasheria walifungua kesi San Francisco mwaka 2003, nguva mwenyewe akiandikwa miongoni mwa walalamikaji. Mwaka 2008 jaji aliamua kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilivunja sheria ya urithi wa kihistoria kwa kutozingatia athari kwa mnyama huyo. Ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini Desemba 2018 kifusi kilianza kumwagwa baharini, Machi 2019 nguva mmoja akaokotwa amekufa pwani ya Nakijin, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikamaliza kesi kwa upande wa jeshi.

Kenya nayo ilikuwa na kesi yake. Bandari mpya ya Lamu ilihitaji kina kirefu, na kina kirefu kinamaanisha kuchimba mchanga, kutibua matope na kufunika nyasi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wavuvi wa Lamu zilikiukwa na ikaagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katika kesi hii nguva hakuwa mlalamikaji, ila kila hoja ya wavuvi kuhusu maji machafu na mazalia ya samaki ilikuwa hoja yake pia. Hesabu za angani zilizofanywa Kenya miaka ya 1990 hazikuona hata nguva ishirini katika pwani nzima. Kila eka ya nyasi iliyobaki kule ina uzito.

Nyasi zenyewe zinaweza kumuua nguva zikikosekana. Mwaka 1992 mafuriko mawili na kimbunga viliharibu zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za nyasi kwenye ghuba ya Hervey, Australia. Nguva walikufa njaa, wengine wakahama mamia ya kilomita. Bazaruto iko kwenye njia ya vimbunga vya namna hiyo. Februari 2023 kimbunga Freddy kilitua karibu na Vilankulo, ng'ambo tu ya visiwa hivyo.

Tukiwa hapo Bazaruto, tukae kidogo. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa muda mrefu imemweka nguva wa dunia nzima katika daraja la chini kati ya madaraja matatu ya viumbe wanaotishiwa. Takwimu hiyo ya jumla ilitudhuru sisi, kwa sababu makundi makubwa ya Australia yalificha hali ya huku. Desemba 2022, wakati mataifa yamekutana Montreal kujadili bayoanuwai, IUCN ilitangaza kwamba nguva wa Afrika Mashariki wamepimwa peke yao na kuwekwa daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini: wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250. Karibu wote wako Bazaruto. Kwingineko, Rufiji, Mafia, Kilwa, Lamu, Komoro, Mayotte, Madagaska, Aldabra, wamebaki mmoja mmoja au familia chache.

Kwa nini Bazaruto? Bahati ya mahali ipo: visiwa vitano vimeziba mawimbi ya bahari kuu, na nyuma yake kuna uwanda mkubwa wa nyasi. Lakini kuna kazi pia. Tangu Desemba 2017 hifadhi inaendeshwa kwa ubia wa serikali ya Msumbiji na shirika la African Parks. Askari wanalipwa, boti zina mafuta, na nyavu za kutega zinaondolewa majini. Yaani wameacha kumtafuta mhalifu, wakautafuta wavu. Australia ilifika huko huko kwa njia nyingine. Hesabu za angani zilipoonyesha nguva wanapungua kusini mwa Tumbawe Kuu, mwaka 1997 serikali zilikubaliana kutenga maeneo ya nguva ambamo baadhi ya nyavu zilikatazwa kabisa na nyingine kuwekewa masharti, na wavuvi walioathirika wakalipwa fidia. Abu Dhabi, yenye nguva wapatao 3,000, ina sheria ya 1999 inayokataza kuwavua, lakini bado vifo vingi vinatokana na nyavu za kuelea zilizokatazwa ambazo watu huzitupa au kuziacha. Doria huko sasa zinahangaika na nyavu hizo kuliko na watu.

Tanzania ina msingi wa kujengea. Mwaka 2001 ulianza Mafia mradi wa kasa na nguva ambao baadaye ukawa shirika la Sea Sense, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda kijiji kwa kijiji kuwauliza wazee wa bahari: lini mara ya mwisho, wapi, wavu gani. Majibu yalielekeza sehemu ile ile, kati ya Mohoro na Somanga. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa mwaka 2004 katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Lakini mradi wa kimataifa wa nguva na nyasi za baharini ulioanza mwaka 2015 uligusa nchi nane, na Tanzania na Kenya hazikuwamo.

Ningependa kuona kanuni fupi yenye mambo matatu. Mvuvi anayeleta taarifa ya nguva aliyenasa, hai au mfu, asishtakiwe. Jarife lisitegwe usiku juu ya mafungu yenye nyasi kati ya Mohoro na Somanga. Na wenye majarife ya eneo hilo walipwe thamani yake au wapewe zana nyingine, kwa fedha zile zile ambazo wafadhili huzitumia kwenye warsha za hotelini. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inampa waziri uwezo wa kutunga kanuni. Haihitaji kusubiri Bunge, wala mkataba mwingine wa kimataifa.